London kwa Baiskeli: Barabara ya Siku Moja na Njia ya Kila Siku

Mwezi wa Juni jua la London huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wala halizami ila baada ya saa tatu usiku. Kwa sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hugawana siku takriban nusu kwa nusu mwaka mzima, jambo hilo huchukua siku kadhaa kuzoeleka. Adhuhuri huingia mnamo saa saba mchana, Alasiri mnamo saa kumi na moja unusu jioni, na Magharibi huwakuta watoto wangali macho. Baina ya sala moja na nyingine hupatikana takriban saa nne za mwanga, na familia yenye watoto hujiuliza zitumiweje katika jiji ambalo mambo mengi yana kiingilio.

Jibu moja ni baiskeli. Majira ya joto yakiwadia, wakazi huzitoa baiskeli zilizokaa uani tangu baridi ilipoanza, wakazijaza upepo na kuzipaka cheni mafuta. Kalenda nayo hujaa. Juni kuna Wiki ya Baiskeli, ambayo Waingereza wameiadhimisha tangu mwaka 1923. Mwezi huohuo maelfu ya watu huondoka uwanja wa Clapham Common kwenda Brighton, mji wa pwani ulio umbali wa maili 54, wakichangisha fedha za kupambana na maradhi ya moyo. Kabla hawajaiona bahari hawana budi kukipanda kilima cha Ditchling Beacon, na wengi hukipanda kwa miguu wakisukuma. Julai, Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, kundi jingine hukusanyika London Fields, mtaa wa Hackney, wakati jua linapoelekea kuzama, nalo husafiri usiku kucha, mwendo unaokaribia kilomita 180, hadi ufuo wa Dunwich. Wasio na haja ya safari ndefu huizunguka Richmond Park, hifadhi ya kifalme yenye ekari 2,500, ambamo mamia ya kulungu hula majani bila kuwajali wapitao.

Tulifika huko familia mbili kutoka Dar es Salaam, mwishoni mwa Mei 2024, tukipokewa na ndugu zetu walioishi London miaka mingi. Tulikuja na bibi wa watoto, na pia watoto wenyewe, ambao nyumbani hawajawahi kuruhusiwa kuendesha baiskeli nje ya lango. Tulilotaka kulijua ni moja: je, mzazi aliyezoea kuiogopa barabara anaweza kumwachia mtoto wake aipande baiskeli mjini, na moyo wake ukatulia?

Jumapili ya tarehe 26 Mei barabara kadhaa za katikati ya jiji zilifungwa kwa magari. Hafla hiyo, iliyoitwa FreeCycle, ilianzishwa mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya London, ikiwa sehemu ya tamasha la baiskeli la RideLondon. Haikuwa na mashindano wala malipo. Kila mwenye baiskeli aliingia alipotaka na kutoka alipochoka, na kutoka asubuhi hadi alasiri barabara zinazopita karibu na Kanisa Kuu la St Paul's, Benki Kuu na ngome ya Mnara wa London zilikuwa mali ya waendesha baiskeli.

Ni vigumu kumweleza msomaji namna masikio yanavyoshtuka mahali pale. Mngurumo wa injini haupo. Kinachosikika ni cheni, kengele, na sauti za wazazi wakiita majina ya watoto. Tuliwaona wenye baiskeli za magurudumu matatu kwa ajili ya ulemavu, kina mama waliowapakia watoto wawili katika sanduku la mbele, na wasichana wenye ushungi chini ya helmeti. Mama yetu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na mkwewe, alitazama kwa muda, kisha akauliza:

"Kwani leo anapita nani, mwanangu, hata barabara ikafungwa?"

"Hapiti mkubwa yeyote, mama. Imefungwa ili watoto wapite."

Mama akakaa kimya kidogo, akiwafuata kwa macho wajukuu zake. Kisha akasema, "Kumbe inawezekana."

Neno hilo lilibeba mambo mengi. Sisi sote tumezoea kuihesabu hatari ya barabara kama tunavyohesabu mvua na jua, jambo lisilo na mwenyewe. Asubuhi ile ilituonyesha kwamba barabara ni ileile na lami ni ileile. Kilichobadilika ni uamuzi wa kumpa nani nafasi.

Lakini furaha ya siku moja ina upungufu wake. Kesho yake magari yalirejea pale watoto walipopita, na mwaka uliofuata, 2025, tamasha la RideLondon halikufanyika. Siku iliyotolewa kama zawadi inaweza kuondolewa vilevile, na mtoto aliyejifunza kuipenda baiskeli Jumapili anahitaji pa kupita Jumatatu. Ndipo tulipoanza kuzitafuta njia za kila siku, ambazo hazina bendera wala vipaza sauti.

Njia hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Mwezi Novemba mwaka 2013, katika muda wa wiki mbili tu, waendesha baiskeli sita waliuawa katika barabara za London. Jiji lilitikisika, watu wakatoka kuomboleza na kudai. Miongoni mwa barabara zilizolalamikiwa sana ni ile itokayo Stratford kwenda Aldgate kupitia Bow na Whitechapel. Njia ya baiskeli ilikuwa imezinduliwa huko mwaka 2011, lakini kati ya Bow na Aldgate sehemu yake kubwa ilikuwa rangi ya buluu iliyopakwa juu ya lami. Rangi haizuii lori, na katika kipilefti cha Bow watu walipoteza maisha mwaka uleule wa uzinduzi. Kufikia mwaka 2016 njia ile ilikuwa imejengwa upya kwa kingo za zege zinazoitenga na magari, na mwaka huohuo ikafunguliwa njia nyingine iliyotengwa kando ya mto Thames, katika barabara ya Victoria Embankment.

Njia ya Whitechapel inapita mbele kabisa ya Msikiti wa East London. Tulisimama hapo siku ya Ijumaa baada ya sala, watu wakitoka kwa maelfu, na tukajionea mwenendo wa jambo lenyewe. Vijana waliovaa kanzu waliziendea baiskeli zao, wakakunja pindo la kanzu, wakaondoka polepole kwa kuwa watembea kwa miguu walikuwa wengi. Mzee mmoja alikuwa na kikapu cha mboga mbele. Hakuna aliyemshangilia mwingine, wala hakuna aliyepiga picha. Kwao ulikuwa usafiri tu, kama basi. Tulihisi kwamba huo ndio ushahidi bora zaidi wa njia salama: mzee anaitumia kwenda sokoni bila kujiona shujaa.

Kutoka hapo tulikwenda kaskazini-mashariki, Waltham Forest, mojawapo ya halmashauri 32 za jiji. Zaidi ya mkazi mmoja kati ya watano huko ni Muislamu. Mwaka 2014 halmashauri hiyo ilikuwa miongoni mwa tatu zilizopewa fedha za mpango ulioitwa Mini Holland, yaani Uholanzi Ndogo. Mitaa ya ndani ilifungwa ncha moja ili magari yasiifanye njia ya mkato, makutano yakajengwa upya, na barabara kuu zikawekewa njia za baiskeli. Si kila mtu alifurahi. Wenye maduka walihofia wateja, madereva walilalamikia mizunguko mirefu, na mwaka 2015 wapinzani waliandamana katika mtaa wa Orford Road wakiwa na jeneza la mfano, kuashiria kifo cha mtaa wao. Tulipopita, wazee walikuwa wameketi nje wakinywa chai, na watoto wakivuka bila kushikwa mkono. Tunataja upinzani ule kwa sababu haki ya njia hugawanywa baina ya watu wenye haja tofauti, na dereva anayehofia riziki yake naye anastahili kusikilizwa.

Katika halmashauri hiyohiyo, mwaka 2016, mwanamke wa Kiislamu aitwaye Sarah Javaid alianzisha kikundi cha Cycle Sisters kwa ajili ya kuwahimiza wanawake wa Kiislamu kuendesha baiskeli. Kikundi kimeenea katika sehemu nyingine za London. Matembezi yao huongozwa na wanawake wenyewe, kwa mwendo usiomwacha mtu nyuma. Mgeni anaweza kudhani kwamba kinachowazuia dada zetu ni mavazi. Kina mama tuliozungumza nao mtaani walitueleza vingine. Wengi hawakufundishwa utotoni, kwani kaka zao ndio walionunuliwa baiskeli. Wengine huogopa magari, na wengine huogopa maneno ya watu wanapoonekana peke yao. Mwanamke akipata mwalimu, njia iliyotengwa na wenzake wa kuandamana nao, vizuizi hivyo vitatu hupungua kwa pamoja.

Mavazi yana ufumbuzi wake, na tunauandika hapa kwa faida ya wasomaji wetu. Baiskeli ya kike, ile isiyo na bomba la juu, humwezesha mtu kupanda na kushuka bila kuinua mguu juu. Kava la cheni huzuia baibui lisinaswe, na wavu unaofungwa pembeni mwa madigadi ya nyuma hulinda pindo na spoki. Wengine huvaa suruali pana na kanzu fupi ya kufika magotini. Ushungi mwepesi usio na pini wala fundo kubwa hukaa vizuri chini ya helmeti. Helmeti si lazima kisheria nchini Uingereza, lakini hatukumwachia mtoto wetu yeyote kwenda bila hiyo.

Safari tuliyoipenda zaidi haikuwa ya ndani ya jiji. Jumamosi moja tulipanda treni na baiskeli zetu kutoka kituo cha Waterloo hadi Woking, mwendo usiozidi nusu saa kwa treni ya haraka. Treni nyingi za njia hiyo hupokea baiskeli nje ya saa za msongamano, na ni vema kuuliza kabla ya kuondoka. Karibu na kituo cha Woking umesimama Msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889, wa kwanza nchini Uingereza kujengwa mahususi kuwa msikiti. Jina lake limetokana na Shah Jahan Begum, mtawala mwanamke wa Bhopal nchini India, aliyetoa sehemu ya fedha za ujenzi. Ni msikiti mdogo wenye kuba la kijani, na watoto wetu waliotarajia jengo kubwa waliuliza kama huo ndio wote. Tuliwajibu kwamba mbegu huwa ndogo.

Baada ya Adhuhuri tulielekea magharibi kwa njia ya kando ya mfereji wa Basingstoke, ambayo zamani farasi waliitumia kuvuta mashua. Miti imekutana juu, maji yametulia, na hakuna gari. Adabu ya njia hiyo ni kwamba anayetembea kwa miguu ametangulia kwa haki. Mwenye baiskeli hupunguza mwendo, hupiga kengele mara moja kwa upole, husubiri apishwe, kisha hushukuru. Tuliwaachia watoto watangulie, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima hatukuwaita warudi.

Mwendo wa maili chache hivi unakufikisha Brookwood, makaburi makubwa yaliyofunguliwa mwaka 1854 kwa ajili ya maiti wa London. Humo wamelazwa Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, wafasiri wawili wa Qur'ani kwa Kiingereza, ambao vitabu vyao vimo katika nyumba nyingi za Waislamu hata kwetu. Humo pia walihamishiwa askari Waislamu wa Jeshi la India ambao hapo awali walizikwa katika kiwanja maalumu cha Horsell Common, upande wa pili wa Woking. Kiwanja hicho sasa ni bustani ya amani, iliyofunguliwa mwaka 2015. Tulizifunga baiskeli langoni, tukaingia kwa miguu, tukawaombea dua. Watoto walikuwa kimya. Walikuwa wamefika hapo kwa nguvu za miguu yao wenyewe, na tulihisi kwamba kwa sababu hiyo mahali pale palikuwa pao zaidi kuliko kama wangeshushwa na gari.

Kwa familia inayokusudia kusafiri, tunayo maelezo machache yenye manufaa. Uingereza, kama Tanzania, Kenya na Uganda, huendesha upande wa kushoto, jambo linalompunguzia mgeni wasiwasi. Baiskeli za kukodi za mjini, zilizoanza mwaka 2010, huchukuliwa kituo kimoja na kurudishwa kingine, lakini ni nzito na hazikukusudiwa watoto wadogo. Kwa watoto heri kuazima kwa ndugu au kukodi dukani. Shule nyingi huwafundisha wanafunzi kwa mtaala uitwao Bikeability, wenye ngazi tatu: kwanza uwanja usio na magari, kisha mtaa mtulivu, mwisho barabara yenye magari mengi. Halmashauri nyingi hutoa mafunzo ya bure hata kwa watu wazima, na huweka siku ambapo mafundi hukagua breki, tairi na cheni za wakazi bila malipo. Usiku sheria inataka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kuendesha juu ya njia ya watembea kwa miguu ni kosa, isipokuwa palipowekwa alama ya kuruhusu. Na tangu Januari 2022 kanuni za barabara humtaka dereva anayempita mwenye baiskeli amwachie angalau mita moja na nusu katika mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, na azidishe nafasi mwendo unapozidi.

Kuhusu sala, urefu wa mchana ni msaada kwa anayepanga. Tuliondoka asubuhi, tukasali Adhuhuri msikitini tulikofika au bustanini juu ya mkeka mwepesi uliofungwa kwenye keria, na tukarejea nyumbani kabla ya Alasiri. Chupa za maji zilitosha kwa kunywa na kwa udhu.

Sasa turudi kwetu. Baiskeli ilitufikia zamani ikitoka hukohuko Uingereza, na mzee aliyemiliki Raleigh iliyotengenezwa Nottingham alihesabiwa mtu mwenye uwezo. Leo heshima hiyo imekwenda kwa gari, na baiskeli imebaki kwa muuza maziwa, muuza samaki na mwanafunzi wa mbali. Hawa hupita barabarani kila alfajiri bila hafla yoyote. Wao wamekwisha kuifanya baiskeli kuwa chombo cha kila siku. Wanachokosa ni njia.

Wala si kwamba hatujaanza. Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam ilipojengewa mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, ilitengewa pia njia za baiskeli pembeni, na mwaka 2018 jiji lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Lakini anayepita hapo kwa baiskeli mara nyingi hukuta bodaboda zimeegeshwa, meza za biashara zimepangwa na magari yamepanda ukingo. Hapo hatuhitaji fedha za kigeni. Tunahitaji kukumbuka yale tuliyofundishwa chuoni tukiwa wadogo, kwamba njia ina haki zake na kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni katika mambo ya imani.

Msikiti na madrasa vinaweza kuanza na kidogo. Asubuhi moja ya Jumamosi, kwa idhini ya serikali ya mtaa, kichochoro kilicho mbele ya madrasa kifungwe kwa magari. Fundi wa mtaani alipwe akague breki. Kina mama wapewe saa yao na mwalimu wao. Wasichana wafundishwe pamoja na kaka zao. Hiyo itakuwa siku ya furaha, na watoto wataisimulia. Kisha Jumatatu wazee watatu waende ofisi ya mtaa kuuliza swali la pili, lililo gumu zaidi: kutoka nyumbani hadi madrasa, ni wapi mtoto wetu atapita kesho?